Kadi Ilisema Nyeusi: Kisa cha Ununuzi wa Pikipiki ya Spoti Iliyotumika, Mbezi Beach

Juni 2024 mdogo wangu wa upande wa mama, kijana wa miaka 27, aliniomba nimsindikize Mbezi Beach, Dar es Salaam, kuangalia Honda CBR600RR ya mwaka 2008 ambayo mwenyewe alikuwa anaiuza bila kupitia dalali. Bei aliyotajiwa kwenye simu ilikuwa shilingi milioni 13, na maelezo yaliyoambatana nayo yalikuwa mafupi na matamu: imetoka Uingereza, imetembea kilometa 19,000 tu, haijawahi kuanguka, kadi ipo. Katika maelezo hayo manne, moja tu lilikuwa kweli kama lilivyosemwa. Hata hivyo pikipiki ilinunuliwa, na mpaka leo naona haikuwa kosa kuinunua, ndiyo maana naona kisa hiki kinastahili kuandikwa kwa kirefu.

Kijana huyu alikuwa amezoea Boxer ya 150, pikipiki ambayo sproketi, pedi za breki na hata sailensa yake vinapatikana kwenye duka lolote la vipuri vya bodaboda, na ambayo ikianguka hunyooshwa, ikapuliziwa rangi, ikarudi kazini siku hiyo hiyo. CBR600RR ni mnyama mwingine. Injini yake ya silinda nne, yenye ujazo wa cc 599, inazunguka hadi karibu mizunguko 15,000 kwa dakika. Fremu yake ni ya aluminiamu, ambayo haigongwi nyundo ikanyooka. Na vipuri vyake vingi utaagiza nje ya nchi na kuvisubiri. Kasoro ambayo kwenye Boxer ni usumbufu wa nusu siku, hapa inaweza kuwa robo ya bei ya pikipiki yenyewe. Nilimwambia pia kwamba kuruka kutoka Boxer hadi pikipiki ya namna hii ni mruko mrefu mno, akanijibu, "Kaka, hilo nimeshaamua, wewe niangalizie chuma." Sikuendelea na mjadala huo.

Kabla ya kwenda nilimtaka aombe picha mbili: ya kadi ya usajili, pande zote mbili, na ya namba ya chasisi ilivyochongwa kwenye fremu. Muuzaji mkweli hutuma picha hizo ndani ya saa moja, na anayezungukazunguka ameshakuokolea nauli. Huyu alituma zote jioni ile ile. Kadi ilikuwa na mambo mawili yaliyonifanya niisome mara ya pili. La kwanza, jina la mmiliki halikuwa la muuzaji. La pili, kwenye mstari wa rangi paliandikwa nyeusi, ilhali pikipiki niliyoiona kwenye picha zake ilikuwa nyeupe yenye mistari ya bluu na nyekundu. Kwa kutumia namba ya usajili, ile inayoanza na MC, tuliangalia pia madeni ya faini kwenye mfumo wa mtandaoni wa polisi wa usalama barabarani, tukakuta faini mbili ambazo hazijalipwa, kisha tukaangalia bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima nchini, tukakuta imeisha. Hayo mawili ni mambo madogo ya kuingiza kwenye mazungumzo ya bei. Jina na rangi ndivyo nilivyoondoka navyo nyumbani kichwani.

Tulipanga kufika saa 3 asubuhi, na tulimwomba muuzaji asiiwashe kabla hatujafika. Nilipoingia getini na kusalimiana naye, jambo la kwanza nililofanya ni kuweka kiganja kwenye ubavu wa injini, nikaikuta baridi kama jiwe la asubuhi. Hili lina maana kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu moshi, ugumu wa kuwaka na mlio wa cheni ya taimingi hujitokeza zaidi injini ikiwa haijapata joto, na mtu anayeijua siri hiyo hukupokea pikipiki ikiwa tayari inanguruma. Muuzaji, mtu mzima wa makamo na mpole, alikuwa ameheshimu ombi letu, nami nilimhesabia hilo kuwa alama njema.

Tulianza na namba. Kwenye CBR namba ya chasisi imechongwa kwenye shingo ya fremu, upande wa kulia, na ya injini iko kwenye bloku la injini yenyewe. Ya chasisi ilikuwa na herufi na tarakimu 17, ikianzia na JH2, alama ya Honda iliyotengenezwa Japani, ikifuatwa na PC40, ambayo ni aina ya CBR600RR iliyoanza mwaka 2007, na nafasi ya 10 ilikuwa na tarakimu 8, yaani modeli ya 2008. Zote zililingana na kadi, herufi kwa herufi. Nilipitisha kidole juu ya chuma kutafuta mahali palipotiwa msasa au pakarudiwa rangi, sikupata. Kwa hiyo pikipiki ilikuwa ndiyo yenyewe inayoelezwa na kadi, isipokuwa rangi.

Nilimuuliza muuzaji kuhusu rangi, naye alijibu bila kusita kwamba aliikuta hivyo. Sikumbishia. Niliomba bisibisi na ruhusa ya kufungua kava moja la pembeni, lile la kushoto. Kava la kiwandani la Honda lina namba ya kipuri na alama ya aina ya plastiki zilizochapwa kwa ndani, matundu yake ya bolti yanakaa mahali pake, na michoro yake mara nyingi huwa imefunikwa na vanishi. Hili halikuwa na alama yoyote kwa ndani, matundu mawili yalikuwa yametanuliwa kwa kisu ili bolti ziingie, na mistari ya bluu ilikuwa stika zisizofunikwa na kitu, ambazo pembeni zilishaanza kubanduka. Yalikuwa makava ya kuagiza, yale yanayouzwa kwa seti nzima. Mtu anaweza kubadilisha makava kwa sababu tu anapenda rangi nyingine, na wapo wanaofanya hivyo. Lakini mara nyingi seti nzima hununuliwa pale ile ya awali inapobaki barabarani.

Baada ya hapo nilipiga magoti mbele ya tairi la mbele, nikawasha tochi ya simu, nikaangalia mahali ambapo wanunuzi wengi hawaangalii. Chini ya shingo ya fremu kuna vinundu viwili vidogo, kimoja kila upande, ambavyo kazi yake ni kuzuia usukani usigeuke kupita kiasi: ukigeuza hendeli mpaka mwisho, kipande kinachoshika shokapu za mbele hugonga kinundu hicho na kusimama. Pikipiki ikianguka ikiwa kwenye mwendo, tairi la mbele hupindishwa kwa nguvu ya uzito wote, na kinundu ndicho kinachobeba pigo. Makava utabadilisha, hendeli utabadilisha, viwiko vya breki na klachi utabadilisha, vikanyagio utabadilisha, ila kinundu hicho ni sehemu ya fremu, na hakuna anayebadilisha fremu ili tu auze pikipiki. Cha kulia kilikuwa kizima na rangi yake. Cha kushoto kilikuwa kimebonyea kama milimita mbili, na mahali palipobonyea aluminiamu ilikuwa tupu, inang'aa.

Nilimwita muuzaji, nikamwonyesha bila kuinua sauti. Alichuchumaa, akatazama kwa muda, akasema: "Kweli kaka, iliwahi kulala. Lakini si mikononi mwangu. Mimi niliinunua ikiwa na makava haya haya." Nilimwamini nusu ya kwanza papo hapo, nusu ya pili niliiweka akiba.

Kinundu kilichovunjika kabisa, kwangu, kinamaliza safari, kwa sababu pigo lenye nguvu hiyo huenda limekwishapinda au kupasua shingo ya fremu. Kilichobonyea kinataka maswali zaidi. Tulitafuta nyufa na rangi iliyokunjamana kwenye viungio vya fremu karibu na shingo, hatukuziona. Tuligeuza hendeli mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, na nikapima kwa vidole nafasi iliyobaki kati ya hendeli na tanki, nikakuta ni sawa pande zote. Tulivuta uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, kila upande, hendeli ikiwa imenyooka, kuona kama magurudumu mawili yako kwenye mstari mmoja. Ni kazi ya dakika kumi inayohitaji watu wawili na subira, na ilionyesha kwamba yako sawa. Kisha tulinyanyua mbele mpaka tairi likaning'inia, nikageuza hendeli polepole kwa kidole kimoja. Beringi za shingo zilizochoka, hasa kwa pikipiki iliyozoea kunyanyuliwa tairi la mbele na kuangushwa, hunasa katikati kama kuna kishimo zinachokipenda. Hizi zilipita bila kunasa.

Suala la kilometa lilikuwa la ajabu zaidi, na hapa naamini muuzaji hakudanganya. Dashibodi ilionyesha 19,412, naye kwa nia njema akasema ni kilometa. Lakini hiyo ilikuwa pikipiki ya soko la Uingereza, nchi ambako barabara bado zinahesabiwa kwa maili, na pembeni ya kasi kwenye kioo kile paliandikwa kwa herufi ndogo mph. Hizo zilikuwa maili 19,412, yaani zaidi ya kilometa 31,000. Katika bahasha ya nyaraka za kuingizia nchini kulikuwa na nakala ya karatasi yake ya usajili wa Uingereza, yenye namba ya zamani, na kwa namba hiyo mtu yeyote anaweza kuangalia bure, kwenye tovuti ya serikali ya nchi ile, historia ya ukaguzi wa kila mwaka unaoitwa MOT, pamoja na maili zilizosomwa kila ilipokaguliwa. Tuliifungua hapo hapo uani. Maili zilipanda mwaka hadi mwaka bila kurudi nyuma, na ya mwisho kabla ya kusafirishwa ilikuwa chini kidogo ya 17,000. Sikumbuki kuona pikipiki nyingine hapa mjini ambayo mwendo wake ulithibitika kwa urahisi namna hiyo, na nashangaa ni wanunuzi wangapi hutupa karatasi hizo kwa kuziona ni takataka za bandarini. Kilichobadilika ni hesabu ya matengenezo: kwa ratiba ya Honda, tapeti za injini hii, yaani nafasi za valvu, zinatakiwa kupimwa karibu na maili 16,000, kazi inayohitaji kufumua tanki, kisafisha hewa na mfuniko wa injini, na muuzaji hakuwa na risiti wala kumbukumbu ya kuifanya.

Mengine nitayapitia haraka, maana kwa mtu mwenye macho hayana fumbo. Matairi yalikuwa na kashata za kutosha lakini msimbo wa DOT ulisoma 1418, maana yake yalitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2018, na mpira wa miaka sita katika joto la Dar es Salaam huwa mgumu hata kama unaonekana mpya. Cheni, nilipoivuta nyuma ya sproketi kubwa, ilinyanyuka na kuonyesha nusu ya jino, kwa hiyo ilikuwa imekwisha. Diski za breki zilikuwa juu ya unene wa chini uliochongwa juu yake. Kitambaa cheupe nilichopangusia shokapu za mbele kilitoka kikavu, ishara kwamba oili sili zilikuwa nzima. Bolti za chini na viungio vya rejeta vilikuwa na ule ukungu wa kijani na mweupe ambao pikipiki yoyote inayolala karibu na bahari huupata, kuanzia Msasani mpaka Kunduchi, na nililoangalia ni kama umeshaingia kwenye plagi za nyaya. Ulikuwa haujaingia.

Injini iliwaka kwa mguso wa kwanza. Kabla ya hapo nilikuwa nimefungua swichi tu na kutazama taa, kwa sababu taa ya hitilafu ya injini inapaswa kuwaka na kuzimika yenyewe. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameichomoa ili usiione. Iliwaka, ikazimika. Moshi haukuwa wa bluu, wala mweupe wa kung'ang'ania. Upande wa kulia, kwenye cheni ya taimingi, kulikuwa na mlio mdogo wa kukwaruza ambao ulitoweka baada ya dakika mbili. Kikaza cheni hiyo kwenye injini hizi kinajulikana kuchoka, na kilikuwa cha kuingizwa kwenye hesabu. Niliweka mita kwenye betri: volti 12.7 injini ikiwa imezimwa, 14.2 nilipopiga resi. Niliandika namba hizo kwenye daftari nikiwa nimeridhika. Nitazirudia.

Kwa kuwa bima ilikuwa imeisha, tulikubaliana muuzaji akate ya mtu wa tatu kabla ya mtu yeyote kuingia nayo Barabara ya Bagamoyo, na jaribio likasogea hadi Jumapili asubuhi, magari yakiwa machache. Nilimwachia muuzaji leseni yangu na ufunguo wa gari langu, jambo ambalo naona ni haki yake, maana anamkabidhi mgeni mali ya mamilioni. Nilikwenda mpaka Tegeta na kurudi. Nilichokuwa nakitafuta hasa ni gia ya pili: pikipiki zilizoendeshwa kwa fujo huanza kuchomoka gia hiyo ukivuta resi kwa nguvu, na tiba yake ni kupasua injini nzima. Nilivuta mara nne, ikashika mara zote. Nilipolegeza mikono kwenye hendeli haikuvutika upande wowote, jambo lililothibitisha kile uzi ulichosema.

Tulipoketi kuzungumza, muuzaji aliweka mezani ufunguo mmoja. Pikipiki hii ina mfumo wa HISS, ambao injini haiwaki isipokuwa kwa ufunguo wenye chipu uliosajiliwa, na kwa mujibu wa Honda, funguo zote zikipotea hulazimika kubadilisha kompyuta ya injini. Ukiwa na mmoja, wa pili unaweza kutengenezwa na kusajiliwa. Kwa ufunguo mmoja, tairi mbili, cheni na sproketi zake, upimaji wa tapeti, kikaza cheni na faini mbili, tulishuka kutoka milioni 13 hadi milioni 10 na laki 7. Anguko halikushusha kitu peke yake. Lilichofanya ni kumwondolea muuzaji hoja ya kwamba ni chombo kisicho na doa, na baada ya hapo mazungumzo yalikwenda kwa heshima.

Tuligota kwenye jina. Muuzaji alikuwa amenunua miaka mitatu kabla kwa mtu mwingine, ambaye naye si yule aliye kwenye kadi, wakaandikiana karatasi ya mkono, na hakuwahi kubadilisha umiliki TRA, yaani Mamlaka ya Mapato. Alipendekeza alichozoea kila mtu: atupe kadi halisi na ile karatasi, "mengine mtamalizana mbele ya safari." Nilikataa, na mdogo wangu alinikasirikia, maana alishaanza kuitazama pikipiki kama yake. Nilimweleza kwamba mbele ya TRA na mbele ya polisi mwenye pikipiki ni yule aliye kwenye kadi. Akifariki, akisafiri au akigeuka na kudai iliibiwa, karatasi ya mkono ya watu wawili ambao hata mmoja wao si yeye haitatusaidia kitu. Sharti letu likawa kwamba muuzaji ahamishe umiliki kwa jina lake kwanza, kwa gharama zake, ndipo ahamishe kwetu. Aliomba kishika uchumba cha milioni moja ili asimuuzie mwingine. Tulimpa laki tatu, kwa maandishi yenye namba ya chasisi na kifungu cha kurudishiwa fedha kama kadi haitapatikana ndani ya siku 30.

Ilichukua siku 19. Mmiliki aliyeandikwa kwenye kadi alipatikana, akaja kusaini kwa wakili na kitambulisho chake, na tulipokuwa tunasubiri mihuri nilimuuliza kwa utani kama pikipiki yake ilikuwa nyeusi. Alicheka, akasema ilimtelezea kwenye mchanga Kigamboni, upande wa kushoto, na makava ya awali bado yako stoo kwao. Nusu ya pili ya maneno ya muuzaji nayo ikawa kweli. Fedha zilizobaki zililipwa ndani ya benki, kutoka akaunti hadi akaunti, mkataba wa mauziano ukiwa umeshasainiwa mbele ya wakili na kadi yenye jina la muuzaji ikiwa mezani, na kesho yake maombi ya kuhamisha umiliki kwa TIN (namba ya mlipakodi) ya mdogo wangu yaliingizwa, pamoja na marekebisho ya rangi.

Wiki ya tatu alinipigia simu saa 12 jioni akiwa Mwenge, katikati ya foleni, pikipiki imezimika na haiwaki. Nilikwenda na mita ile ile. Betri ilikuwa volti 10 na ushei. Tuliisukuma pembeni, tukaiwasha kwa nyaya kutoka gari langu, nikaiacha ingurume mpaka feni ya rejeta ikaanza kuzunguka, kisha nikapima tena: kwenye resi ile ile iliyonipa 14.2 uani Mbezi Beach, sasa ilisoma 12.3. Rekitifaya, kifaa kinachodhibiti umeme unaochaji betri, ilikuwa inafanya kazi ikiwa baridi na kufa ikipata joto. Nilikuwa nimehangaika kuhakikisha injini ni baridi tunapofika, nikapima umeme katika baridi ile ile, na baada ya kurudi kutoka Tegeta, injini ikiwa ya moto na mita ikiwa mfukoni, sikupima tena. Rekitifaya mpya ilichukua wiki mbili na nusu kufika, na nusu ya gharama yake niliilipa mimi.